Joto la chumba cha yoga, na kipimajoto changu cha vifaranga

Leo mbolea na viwavijeshi vikae pembeni kidogo.

Wiki iliyopita nilisimama sokoni kununua vitunguu. Mama mmoja anayeuza viazi aliniona nikishuka kwenye pikipiki bila kujishika kiuno, akaniita. "Bwana shamba, mbona siku hizi unashuka kama kijana? Ule mgongo umeutibia wapi?" Nikamwambia, mama, sikupigwa sindano, ni mazoezi tu, yale yanayoitwa yoga. Akacheka. Kumbe naye mgongo unamsumbua, maana anakaa kwenye kigoda tangu alfajiri hadi jioni, na binti yake alimwonyesha mazoezi hayohayo kwenye simu. "Nimeyajaribu siku tatu," akasema, "lakini sakafu yangu ni barafu. Nalala chini mgongo umekaza, nainuka umekaza zaidi. Jana nikaona isiwe taabu, nikaingiza jiko la mkaa ndani, nikafunga mlango na dirisha, angalau nikajinyoosha huku naota moto."

Vitunguu nilivisahau palepale. Naandika haya kwa sababu ya hilo jiko.

Mgongo wangu mimi uliharibiwa na barabara. Vijiji vya kata yangu viko mbalimbali, na barabara zake wakati wa masika zina makorongo. Mwaka wa pili hapa Njombe nikawa nikifika kwa mkulima nasimama kwanza dakika mbili nimeegemea pikipiki, najifanya nakagua shamba kwa macho. Mzee mmoja akasema mbele za watu, "Jembe tunashika sisi, kiuno kinamuuma bwana shamba." Watu walicheka, na mimi nikacheka nao, lakini jioni hiyo nilishindwa kuinama kuvua buti. Hospitalini mtaalamu wa fiziotherapia akanikagua, akasema mifupa haina tatizo, ni misuli ya kiuno na ya nyuma ya mapaja imekakamaa. Akanionyesha mikao minne ya kufanya kila siku, akaongeza kwamba watu wa yoga wanaifanya vizuri, nitafute video zao.

Yoga asili yake ni India, nayo ni ya kale sana. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliitengea siku yake ya kimataifa, tarehe 21 Juni. Huko kaskazini mwa dunia hiyo ndiyo siku yenye mchana mrefu kuliko zote, watu wanajinyoosha bustanini juani. Huku kwetu tarehe 21 Juni hata mbwa hataki kutoka jikoni. Na kwa wale wanaouliza kama ni dini: kwa Wahindu ina upande wake wa ibada, mimi nimechukua mikao na namna ya kupumua. Nilimweleza mchungaji wangu mapema kabisa ili asisikie kwa watu. Akaniuliza tu kama kweli inasaidia kiuno, maana na yeye anacho.

Nikaanza asubuhi, saa kumi na mbili, kabla ya kwenda kazini. Nikatandika mkeka sebuleni juu ya saruji. Mkao wa kwanza unaitwa paka na ng'ombe: unapiga magoti na kushika sakafu kwa mikono, unapinda mgongo kwenda juu kama paka aliyeona mbwa, halafu unaushusha kama ng'ombe mzee. Huo ulikwenda. Nilipokaa chini na kuinama kushika vidole vya miguu, kitu kikavutika nyuma ya paja kama kamba ya katani. Nilichechemea siku nne.

Kosa halikuwa la mkao. Fikiria pikipiki asubuhi ya Juni. Huipigi kiki na hapohapo kuivuta gea ya nne kupanda mlima. Unaiacha ingurume kwanza, oili izunguke. Misuli nayo ikiwa ya baridi ni migumu, haivutiki kwa urahisi, na mwili wenyewe ukisikia baridi unajikunja na kujikaza ili kutunza joto. Mimi nilikuwa naulazimisha unyooke wakati wenyewe unataka kujikunja.

Nikataka kujua baridi yenyewe ni kiasi gani. Nyumbani nina kipimajoto kile cha kuning'iniza kwenye bruda ya vifaranga. Nikakitundika ukutani usawa wa kifua: nyuzi 14. Nikasema, mbona si baya sana. Halafu nikakumbuka ninachowaambia wafugaji kila siku, kwamba kipimajoto cha bruda hakiwekwi juu karibu na taa wala ukutani unapokiona vizuri wewe, kinawekwa usawa wa mgongo wa kifaranga, kwa sababu huko ndiko kifaranga anakoishi. Na mimi kwenye yoga nilikuwa naishi sakafuni. Nikakilaza juu ya mkeka, nikasubiri. Nyuzi 11.

Tena saruji ina ubaya wake zaidi ya hizo nyuzi. Hewa baridi inakupunguzia joto polepole, lakini saruji ukiilalia inakunyonya joto moja kwa moja kupitia mgongo, na mgongo ndio mgonjwa wenyewe. Madarasa ya kawaida ya yoga huko mijini chumba huwa nyuzi ishirini na kitu. Mwalimu wangu wa kwenye video alikuwa amevaa fulana isiyo na mikono na hana hata dalili ya baridi. Nikaamua kwamba na mimi lazima nipandishe joto la chumba.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, na nitalieleza lilivyokuwa ingawa linaniaibisha.

Ilikuwa Jumapili jioni, mwezi wa saba, mke wangu ametoka kwenda kwa jirani. Niliwasha jiko la mkaa nje, nikapuliza mpaka makaa yakawa mekundu kabisa na moshi umekwisha, nikaliingiza sebuleni. Nikafunga dirisha, nikaziba chini ya mlango kwa kitenge ili joto lisitoke. Kipimajoto kikapanda: 17, 19, 22. Nilifurahi sana. Binti yangu wa miaka sita alikuwa amelala kifudifudi pembeni yangu juu ya mkeka, maana yeye hupenda kufanya paka na ng'ombe pamoja nami, na kila akifanya ng'ombe lazima alie mooo.

Baada ya kama nusu saa akaacha kulia mooo. Akasema, "Baba, kichwa kinauma." Nikamwambia apumzike. Mimi mwenyewe kichwa kilikuwa kinagonga, nikadhani ni kuinama. Akatapika kidogo. Nikataka kusimama nimchukue, magoti yakakataa. Sikusikia maumivu wala kukosa pumzi, nilisikia tu uvivu mzito, kama mtu aliyelewa. Mke wangu alipofungua mlango alinikuta nimekaa, nimemshika mtoto aliyelegea, namwangalia tu. Alimnyakua akatoka naye, akarudi akanivuta mimi kwa kola. Jirani akatukimbiza kituo cha afya. Walitupa oksijeni, na mtoto alifumbua macho vizuri usiku ule. Ni mzima, anaenda shule. Lakini mpaka leo mke wangu akiona jiko karibu na mlango ananiangalia mimi.

Siku tatu kabla ya hapo nilikuwa kwa mfugaji mmoja aliyepoteza vifaranga usiku. Aliziba bruda yake kwa maturubai pande zote, akaweka jiko katikati. Nilimweleza vizuri kabisa kwamba jiko la mkaa linataka tundu la hewa, kwamba kilichoua si baridi ni hewa ya sumu. Nilimchorea hata mchoro. Halafu nikaenda nyumbani nikafanya vilevile, ila bruda yangu ilikuwa na mwanangu ndani.

Inavyofanya kazi ni hivi. Mkaa ukiungua bila hewa ya kutosha hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, wala haikohozi mtu. Tunadanganyika kwa sababu tunaogopa moshi, na makaa mekundu hayana moshi, tunayaita makaa safi. Moshi ungetufukuza. Hii hewa inaingia mapafuni na kushika damu pale ambapo oksijeni ingeshika, tena inashika kwa nguvu kuliko oksijeni yenyewe, hivyo damu inazunguka bila mzigo. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kulegea, kuchanganyikiwa. Ukiona watu wawili au watatu wa chumba kimoja wanaumwa kichwa kwa pamoja na kuna jiko, usitafute panadoli. Toeni watu nje kwanza, kisha hospitali, hata kama mtu anasema amepata nafuu.

Na anayefanya mazoezi yuko pabaya zaidi ya anayeota moto ametulia, kwa kuwa anahema zaidi, na kila pumzi inaingiza sumu zaidi. Mtoto naye huhema haraka kuliko mtu mzima. Mimba ni hatari mara mbili. Usiseme "nitaacha dirisha wazi kidogo". Ukiliacha wazi kiasi cha kutoa sumu yote, joto nalo litatoka, na ukilifunga kiasi cha kubakiza joto, sumu itabaki. Nimejaribu kulipigia hesabu nikashindwa. Jiko kwenye chumba cha mazoezi, au cha kulala, mimi nimelifuta kabisa.

Basi nilirudi kwenye kipimajoto, safari hii nikaacha kukitafutia moto na nikaanza kukifuatilia. Nilikilaza kwenye mkeka siku nzima, nikaandika kwenye daftari la ugani kila nilipopita. Saa kumi na mbili asubuhi, 11. Saa nne, 14. Saa nane, 18. Saa kumi na nusu jioni, 20, na karibu na ukuta wa magharibi unaopigwa na jua, 21. Saa mbili usiku bado 17, halafu inashuka haraka, kwani nyumba yangu ni ya tofali lakini haina dari, na bati likipoa usiku linapoza chumba chote. Tofali linafanana na ng'ombe anayecheua: linakula jua mchana na kulitoa polepole jioni. Kumbe nyuzi 20 nilizokuwa nazitafuta kwa mkaa zilikuwepo nyumbani kwangu bure kila siku ya jua, ila mimi nilikuwa nafanya mazoezi katika saa iliyo baridi kuliko zote.

Nikahamisha mazoezi kutoka alfajiri kwenda jioni, nikirudi tu kazini, kabla ya kuoga. Mchana nafungua pazia la upande wa jua, saa kumi nafunga dirisha. Chini ya mkeka natandika viroba viwili vitupu vya mahindi na blanketi kuukuu juu yake. Hilo tu, bila kubadilisha hewa ya chumba hata nyuzi moja, liliondoa nusu ya taabu yangu, kwa kuwa mgongo haugusi tena saruji. Kabla ya kunyoosha chochote nafanya kazi dakika kumi: nafagia uwanja, nachota ndoo mbili, nalisha kuku. Mpaka nisikie joto shingoni na nione nataka kufungua zipu ya koti. Hapo misuli imejipasha yenyewe kutoka ndani, na chumba cha nyuzi 18 kinanitosha kabisa.

Ukiniuliza namba, kwa yoga ya taratibu, ya kukaa kwenye mkao mmoja muda mrefu, mimi napenda 20 hadi 22. Kwa ile ya kusimama na kubadilisha mikao haraka haraka, 18 ni nzuri na 22 inanitoa jasho. Lakini wewe si mimi. Mama yangu akija huku anavaa koti kwenye nyuzi 22. Namba ya kwenye bruda nayo tunaianzia 32 hadi 35 wiki ya kwanza na kuipunguza kama nyuzi 3 kila wiki, ila mfugaji mzuri anaangalia vifaranga kwanza. Wakirundikana, wana baridi. Wakijitenga kando wakahema midomo wazi, joto limezidi. Wakitawanyika wanakula, usiguse kitu. Mwili wako nao unasema hivyohivyo. Mabega yakikupanda masikioni, vidole vikifa ganzi, au ukijikuta unaharakisha mkao ili umalize, ni baridi. Ukihema kwa mdomo wakati umekaa tu, ni joto.

Jambo ambalo video hazikuniambia ni la mwishoni. Yoga karibu zote zinaishia kwa kulala chali bila kutikisika dakika tano hadi kumi, mkao wanaouita wa maiti. Umetoka kufanya kazi, nguo ina unyevu wa jasho, halafu unalala kimya. Joto lililokuwa limekutosha ukiwa unajongea halikutoshi tena, na mimi nilikuwa nikiinuka pale natetemeka na kiuno kimerudi kulekule. Sasa blanketi linakaa pembeni tangu mwanzo. Navaa soksi, najifunika mpaka kidevuni, na siku za baridi kali naweka chini ya kiuno chupa ya maji ya moto niliyoifunga kwa taulo, maji yaliyochemshwa kwenye jiko lililoko nje. Kizibo kikaze, na isigusane na ngozi bila kitambaa. Binti yangu anapenda mkao huu kuliko yote, ila maiti wake anaongea sana.

Mwenye umeme atauliza kuhusu hita. Hita ya wati 1,000 ikiwaka saa moja inakula uniti moja, fanya hesabu mwenyewe kwa mwezi. Ile taa nyekundu ya vifaranga ya wati 250 ni nafuu, nayo hupasha kile inachokimulika kuliko hewa, lakini iweke mbali na blanketi, pazia na chandarua, na isining'inizwe kwa kamba ya katani. Nimeona banda likiungua kwa sababu hiyo.

Wasomaji wa bondeni msidhani nimewasahau. Kabla ya Njombe nilifanya kazi Ifakara, na mwezi wa tatu mwaka huu tulikwenda kumsalimia mama mkwe. Nikajifanya hodari, nikatandika mkeka saa nane mchana chini ya bati. Kipimajoto sikukibeba, na sikukihitaji. Baada ya dakika kumi na tano macho yakaona nyota, nikaenda kukaa chini ya mwembe na mama mkwe akaniletea maji bila kuniuliza swali, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kuulizwa.

Kuna watu wanaofanya yoga kwenye joto kwa makusudi. Bikram Choudhury, Mhindi aliyehamia Marekani, aliieneza huko kuanzia miaka ya 1970: mikao 26, dakika 90, chumba kinapashwa hadi nyuzi 40 hivi. Wanaoipenda wanasema viungo vinalainika, na ni kweli misuli ya moto huvutika, lakini inavutika hata kupita mahali ambapo ingekuambia basi, na maumivu unayaona kesho yake. Zaidi ya hapo, sisi tuna unyevu. Jasho linalopoza mwili ni lile linalokauka. Ifakara wakati wa mvua jasho linadondoka tu sakafuni, mwili unabaki na joto lake. Mwenye presha, mwenye moyo, mjamzito na mzee wasijaribu chumba cha moto kabisa.

Kwa bondeni geuza ratiba yangu kichwa chini: saa kumi na moja alfajiri hadi saa moja, madirisha yote wazi, au barazani kwenye kivuli. Saruji ambayo kwangu ni adui kwenu ni rafiki, kwa hiyo mkeka mwembamba unatosha. Kunywa maji kabla hujasikia kiu. Kichwa kikiuma, kichefuchefu kikija au jasho likikatika ghafla huku ngozi ni ya moto, acha, nenda kwenye kivuli penye upepo, jimwagie maji, na usipopata nafuu upesi nenda hospitali.

Yule mama wa viazi nilimsimulia yote haya nimesimama mbele ya ndoo zake, mpaka wateja wakawa wanapita pembeni. Alipofika kwenye habari ya mtoto alinyamaza, akasema mjukuu wake huwa analala kwenye kile chumba. Jioni nilimpelekea viroba vinne. Jana nimempitia tena. Jiko lipo nje chini ya kibanda, dirisha lake linatazama mashariki, kwa hiyo tumekubaliana yeye afanye Jumapili saa tano, jua likiwa limeshaingia ndani, na siku za soko ajinyooshe hapohapo amesimama, ameshika nguzo ya meza. Anadai nimwazime kipimajoto. Nimemwambia asubiri wiki mbili, kwa sasa kina vifaranga 100 vya kuhudumia.